MENYU PANA ZA TOVUTI: JINSI YA KUZIPANGA NA KUZIJENGA

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Ni kweli kabisa, lakini sharti awepo mtu wa kuulizwa. Ukiwa mbele ya kioo cha kompyuta au cha simu unatafuta huduma fulani, hakuna wa kumwuliza. Kilichopo ni orodha ya maneno tu. Orodha hiyo ndiyo huitwa menyu. Ikiwa imepangwa ovyoovyo, utazunguka mpaka uchoke, kisha utaishia saiba kumlipa mtu akutafutie. Katika makala haya nakusudia kueleza aina moja ya orodha hizo, yaani menyu pana: ni kitu gani, hupangwaje, hujengwaje, na inatuhusu nini sisi wanafunzi.

Menyu pana ni nini?

Juu ya ukurasa wa tovuti aghalabu huwa na ukanda wenye maneno machache: Nyumbani, Huduma, Habari, Mawasiliano. Ukigusa neno moja, orodha hushuka chini yake. Hiyo ni menyu ya kushuka ya kawaida. Ni nyembamba, kila mstari una jina moja, na kama jina hilo lina matawi, orodha nyingine hufunguka ubavuni, na nyingine tena ubavuni mwa hiyo. Kishale kikiteleza kidogo tu, orodha zote hujifunga na unaanza upya. Hapo ndipo mtu hukasirika akaitupa simu kitandani.

Menyu pana hufanya kazi kwa njia nyingine. Ukigusa neno kwenye ukanda, hushuka ubao mmoja mkubwa, wakati mwingine wa upana wa ukurasa mzima. Ndani ya ubao huo viungo vimepangwa kwa safu, na kila safu ina kichwa chake. Kila kitu kiko wazi kwa pamoja. Hakuna orodha iliyojificha ndani ya orodha.

Mfano mzuri ni vituo vya Huduma, ambavyo serikali ya Kenya ilianza kuvifungua mwaka 2013. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka karatasi tatu alizunguka ofisi tatu, pengine katika majengo matatu. Katika kituo cha Huduma madawati yote yako katika ukumbi mmoja na juu ya kila dawati kuna kibao. Ukisimama mlangoni unaona vibao vyote, unachagua pa kwenda. Menyu pana ni ukumbi huo ulioingizwa ndani ya kioo.

Mtaalamu mmoja wa tovuti, Jakob Nielsen, aliziunga mkono menyu za namna hii katika makala aliyoyaandika mwaka 2009. Sababu ni nyepesi. Menyu ya matawi humlazimu mtu kukumbuka alichokiona kwenye tawi lililofungwa. Menyu pana humwachia macho yake tu. Kutambua kitu kilicho mbele yako ni rahisi kuliko kukumbuka kilichojificha.

Hapa nirekebishe jambo moja. Wapo wanaodai kuwa menyu isizidi vitu saba, na ushahidi wao ni mwanasaikolojia George Miller, ambaye mwaka 1956 aliandika juu ya namba saba, kuongeza au kutoa mbili. La hasha! Miller alikuwa akizungumzia mambo ambayo mtu huyashika kichwani kwa muda mfupi. Orodha iliyo mbele ya macho haihitaji kushikwa kichwani. Kinachochosha ni vitu vingi visivyo na mpangilio. Wingi peke yake hausumbui.

Lakini pia, si kila tovuti inahitaji menyu pana. Tovuti yenye kurasa kumi haiihitaji. Duka la sukari na kiberiti halina haja ya ramani.

Inatuhusu nini?

Mfano ulio karibu nasi ni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Ilianza mwaka 2014 ikiwa na huduma chache. Tarehe 30 Juni 2023, Rais William Ruto alipozindua awamu yake mpya, huduma zilizotajwa zilikuwa zimepita 5,000. Hebu tupige hesabu. Ukiandika huduma moja kwa kila mstari, kwenye daftari lenye mistari 25 kwa ukurasa, utajaza kurasa 200! Nani atasoma kurasa 200 akitafuta mstari mmoja?

Sasa mtazame mwenzetu aliyemaliza Kidato cha Nne. Amefika miaka 18. Anataka kitambulisho, na pengine cheti chake cha kuzaliwa kimepotea. Akipata kibarua, ataambiwa alete cheti cha tabia njema. Akitaka kuendesha gari, atahitaji leseni. Akitaka kufungua kibanda, atasajili jina la biashara. Kwake yeye haya yote ni jambo moja: kuanza maisha. Kwa serikali ni ofisi tano tofauti. Kitambulisho kiko kwa Idara ya Usajili wa Kitaifa; cheti cha kuzaliwa kiko kwa idara nyingine inayosajili vizazi na vifo; tabia njema iko kwa DCI; leseni iko kwa NTSA; biashara iko kwa BRS.

Menyu ikipangwa kwa majina ya ofisi, kijana huyu lazima kwanza ajue serikali imejigawa vipi. Nani alimfundisha? Asipojua, atakwenda saiba. Huko atalipia kutafutiwa, tena atampa mtu asiyemjua namba ya kitambulisho, namba ya simu na hata neno lake la siri. Wahudumu wengi wa saiba ni watu waaminifu wanaotafuta riziki kama sisi sote. Hata hivyo, siri ya mtu haifai kutolewa kwa sababu tu orodha ilipangwa vibaya. Hapo ndipo ninaposema menyu si pambo. Ni mlango, na mlango mbaya hugharimu pesa, wakati na siri za watu.

Kanuni ya kwanza: panga kwa shida ya mgeni

Hapa Kiserian barabara zinakutana: moja inakwenda Ongata Rongai na Nairobi, nyingine Ngong, nyingine Magadi, na nyingine Isinya, ambako mtu hushika njia ya Kitengela au ya Kajiado. Dereva mgeni akifika hapa anataka kibao kimwambie barabara inafika wapi. Hataki kujua ni idara gani iliyomwaga lami. Ukimwandikia jina la idara, atasimama katikati ya njia na matatu zitampigia honi mpaka achanganyikiwe.

Menyu ni hivyo hivyo. Ipange kwa mahali mgeni anakokwenda, usiipange kwa vyumba vya mwenye nyumba. Uingereza ilichukua njia hiyo mwaka 2012, ilipoziweka kando tovuti zake mbili kubwa, Directgov na Business Link, ikaleta moja inayoitwa GOV.UK. Kanuni ya kwanza ya waliojenga tovuti hiyo ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji.

Hatua za kupanga ni hizi:

1. Kusanya shida. Andika kila jambo linalomleta mtu kwenye tovuti, kwa maneno yake mwenyewe. Usiandike "Idara ya Usajili". Andika "Nimepoteza kitambulisho".

2. Ziandike kwenye vikaratasi. Shida moja, kikaratasi kimoja. Vikaratasi hamsini au sitini vinatosha kwa kuanzia.

3. Wape watu wazipange. Mpe mama muuza mboga, mpe kijana wa bodaboda, mpe mwalimu, mpe mwanafunzi wa kidato cha chini. Kila mmoja akusanye pamoja vikaratasi anavyoona vinafanana, kisha alipe kila fungu jina. Wewe nyamaza, andika tu. Nielsen alishauri mwaka 2004 kuwa watu 15 wanatosha kwa zoezi hili.

4. Tazama mafungu yanayojirudia. Ikiwa watu wengi wameweka leseni na gari pamoja, basi hilo ni fungu. Ikiwa kikaratasi kimoja kinahamahama, huyu akikiweka hapa na yule pale, kiweke mahali pote pawili. Hakuna sheria inayokataza kiungo kuonekana mara mbili.

5. Chora ubao kwa kalamu na karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Kufuta penseli ni rahisi kuliko kubomoa tovuti.

Kwa mfano wetu wa kijana, ubao unaweza kuwa na safu nne. Safu ya UTAMBULISHO ina kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Safu ya KAZI NA BIASHARA ina cheti cha tabia njema na usajili wa jina la biashara. Safu ya GARI NA BARABARA ina leseni ya kuendesha na kuhamisha umiliki wa gari. Safu ya FAMILIA ina ndoa na cheti cha kifo. Mtu ambaye hajawahi kusikia jina BRS atafika salama salimini.

Kanuni ya pili: Kiswahili kiandikwe kwa akili

Hapa sasa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoitwa uwanjani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi menyu ya Kiswahili ni haki ya msomaji, wala si fadhila. Lakini kutafsiri neno kwa neno hakutoshi, kwa sababu lugha yetu ina maumbile yake.

Kwanza, tazama orodha hii: Kuomba pasipoti, Kulipa ada, Kusajili biashara, Kubadilisha leseni, Kutafuta cheti. Umeona tatizo? Kila mstari unaanza na KU. Jicho la msomaji hushuka chini ya orodha likigusa herufi za mwanzo, nalo hapo halioni tofauti yoyote. Tena ukizipanga kwa alfabeti, zote zitarundikana chini ya K. Ondoa KU, utumie kitenzi cha kuagiza: Omba pasipoti, Lipa ada, Sajili biashara. Au tanguliza nomino: Pasipoti, Leseni, Biashara. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imetuzoesha hivyo hivyo: Tuma pesa, Toa pesa. Ni maneno mawili tu, hata nyanya kijijini anayaelewa.

Kosa hilo hilo hutokea kwa majina ya ofisi. Orodha ya Wizara ya hiki, Wizara ya kile, Wizara ya vile, huanza na neno moja mistari yote. Ukibidi kuziorodhesha, tanguliza neno linalotofautisha: Afya, Ardhi, Elimu, Kilimo.

Pili, tumia jina ambalo watu hulitamka. Cheti cha tabia njema wengi wetu hukiita gudi kondakti. Unaweza kuweka jina sanifu kwa maandishi makubwa na lile la mtaani kwa maandishi madogo chini yake. Kufanya hivyo hakukiharibu Kiswahili. Kunamsaidia mtu afike.

Tatu, maneno yetu yakiunganishwa na viunganishi huwa marefu. "Leseni ya kuendesha gari" inahitaji nafasi kuliko wanavyodhani wanaochora safu wakifikiria Kiingereza. Acha upana wa kutosha, ama sivyo mstari utakatika katikati na kusomeka kama ulimi uliokwama.

Sasa tujenge

Aliyekwisha kusoma somo la kompyuta atajua kuwa ukurasa wa tovuti hujengwa kwa lugha tatu. HTML ni mifupa, CSS ni mavazi, na JavaScript ni misuli inayosogeza vitu.

Mifupa: Anza na tagi ya nav, inayotangaza kuwa hapa pana njia za kupitia. Ndani yake weka vitufe vya ukanda, na chini ya kila kitufe weka ubao wake. Ndani ya ubao, kila safu iwe na kichwa na orodha ya viungo. Andika kwa utaratibu unaotaka visomwe, maana wapo watakaosomewa na mashine.

Mavazi: Tumia CSS kupanga safu. Safu tatu hadi tano zinatosha. Zikizidi hapo macho huanza kutangatanga. Vichwa viwe vizito kuliko viungo, na nafasi kati ya fungu na fungu iwe kubwa kuliko nafasi kati ya mstari na mstari. Ubao usizidi urefu wa kioo.

Misuli: Je, ubao ufunguke kishale kinapopita juu ya neno, au mpaka mtu abonyeze? Ukichagua kupita, kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni haraka. Kishale kinachopita njia tu kitafungua bao ambazo hakuna aliyeziomba. Ushauri wa Nielsen ni kusubiri nusu sekunde kabla ya kufungua, kisha ubao utokee mara moja.

Mtego wa pili ni wa kukata kona, na hutokea pale orodha inaposimama kushoto na ubao kufungukia kulia. Tuseme umeweka kishale juu ya neno Familia, nawe unataka kiungo kilicho chini kabisa ya ubao. Mkono wako hautakwenda kulia kwanza halafu chini kama askari wa gwaride. Utakata kona. Njiani kishale kitakanyaga neno Gari, na ubao wa Familia utatoweka kabla hujaufikia. Dawa yake ni pembetatu isiyoonekana, kutoka kwenye kishale hadi kwenye pembe mbili za ubao. Maadamu kishale kinasafiri ndani ya pembetatu hiyo, ubao haubadiliki. Mhandisi Ben Kamens alieleza mwaka 2013 jinsi menyu ya duka la Amazon ilivyofanya hivyo. Kumbe hesabu ya maumbo tunayoikimbia darasani ina kazi!

Hata hivyo, kwetu sisi kubonyeza ndiko bora. Kwa nini? Kwa sababu wengi wetu tunatumia simu, na simu haina kishale. Kidole ama kimegusa kioo ama hakijagusa. Menyu inayongoja kupitiwa na kishale haitafunguka kwa njia ya kutegemewa kwenye simu.

Kwa simu safu hazitakaa ubavu kwa ubavu. Zipange moja chini ya nyingine, vichwa tu vikionekana. Ukigusa kichwa, viungo vyake hufunguka hapo chini yake. Viungo visibanane, maana kidole si sindano. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote, WCAG, toleo la 2.2 la mwaka 2023, unataka pa kugusa pasipungue pikseli 24 kwa 24. Wewe ongeza.

Usipakie picha kubwa ndani ya menyu. Bando ni pesa, na mtu aliyenunua ya shilingi chache hataki kuitumia kupakua picha ya afisa anayetabasamu. Tena mtandao ukiwa dhaifu na JavaScript isifike, menyu isife. Hakikisha kila neno la ukanda linaweza kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kawaida wenye viungo vile vile.

Usimsahau asiyeona

Wapo wenzetu wasioona ambao hutumia kompyuta kwa programu inayosoma maandishi kwa sauti. Wapo pia wasioweza kushika kipanya. Hawa hutumia kibodi: Tab kusonga mbele, Enter kufungua, Esc kufunga. Menyu yako lazima itii vibonye hivyo. Kila kitufe kiwe na alama iitwayo aria-expanded, inayoiambia programu ya sauti kama ubao umefunguka au umefungwa. Alama hiyo ni mstari mfupi tu, lakini asiyeona akiikosa, ni kama kumwingiza mtu ukumbini bila kumwambia kuwa mlango umefunguliwa.

Ijaribu kabla ya kuizindua

Menyu ikishajengwa, usiwaulize watu kama ni nzuri. Kwa adabu zetu watasema ni nzuri. Wape kazi. Mwambie mmoja, "Umepoteza kitambulisho. Utabonyeza wapi kwanza?" Kisha funga mdomo. Andika alipobonyeza mara ya kwanza. Ukimwonyesha kwa kidole umeharibu mtihani, kwa sababu siku ya siku hutakuwepo. Ikiwa watu watatu mfululizo wamepotea mahali pamoja, kosa si lao. Badilisha jina au hamisha kiungo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hili si jambo la wahandisi wa Nairobi peke yao. Vikaratasi vinapatikana, penseli zipo, na watu wa kuwauliza wamejaa sokoni. Kisha kuna maneno, na maneno ndiyo mali yetu sisi wa chama hiki. Napendekeza muhula ujao tuchukue shida hamsini za watu wa mtaa wetu, tuwape majirani wazipange, tuone mafungu gani yatatokea na kwa majina gani. Matokeo tuyabandike ubaoni wenzetu wayasome.

Nakomea hapo, wenzangu. Ukikutana na menyu iliyokuzungusha, usijiite mjinga. Jiulize aliyeipanga alikuwa akimfikiria nani. Na siku utakapopanga yako, mfikirie yule kijana wa miaka 18 mwenye simu moja, bando kidogo, na hamu ya kuanza maisha bila kumpa mtu neno lake la siri. Wasalaam.